SOMO: Kuzalisha nyoka boa wa miti wa Madagaska (Sanzinia). Soma kwanza, uliza baadaye

Swali ni lile lile kila mara: "Mkuu, nina dume na jike, niwaweke pamoja lini?" Naandika hapa mara moja ili jibu likae mahali pamoja. Kuwaweka pamoja ni kazi nyepesi kuliko zote. Watoto wanapatikana au wanakosekana kutokana na jike alivyolishwa mwaka uliotangulia, na joto atakalopata akishashika mimba.

1. Jua ulichonacho. Sanzinia madagascariensis ni wa mashariki ya kisiwa, kijani. Sanzinia volontany ni wa magharibi, kahawia au manjano iliyofifia; alielezwa mwaka 2004 kama nususpishi, baadaye akapewa hadhi ya spishi kamili. Usiwachanganye. Chotara wakiingia sokoni hakuna atakayeweza kuwachuja tena.

2. Karatasi. Wako Kiambatisho I cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini), na Umoja wa Ulaya umewaweka Annex A, orodha yake ya ulinzi mkali zaidi. Nyoka asiye na hati hauzwi wala hanunuliwi.

3. Karantini. Siku 90, chumba tofauti, koleo tofauti. Kagua utitiri, kisha fanya kipimo cha PCR (kipimo cha maabara cha vinasaba) cha reptarenavirus, kirusi hatari cha nyoka. Boa anaweza kubeba kirusi hicho muda mrefu huku anaonekana mzima kabisa.

4. Kizimba. Sentimita 120 × 60 × kimo cha 90 zinamtosha jike mzima. Matawi yalale, unene wake ukaribie ule wa kiwiliwili cha nyoka. Weka na boksi la kujificha chini, kwa sababu nyoka huyu hushuka kuwinda usiku.

5. Jike. Miaka minne au zaidi, misuli imara, uti wa mgongo usiojitokeza. Panya mmoja wa saizi ya wastani kila wiki mbili au tatu unatosha, maana mwili wa nyoka huyu huyeyusha chakula polepole. Mafuta mengi yanaharibu uzazi kama njaa inavyouharibu. Akishazaa, mpumzishe msimu mmoja au miwili.

6. Baridi. Acha kulisha wiki tatu kabla, tumbo liwe tupu. Shusha joto taratibu mpaka usiku ufike nyuzi 17–19 za Selsiasi, mchana 25–26, mwanga wa saa 10 kwa siku. Wiki nane hadi kumi. Maji ya kunywa yawepo muda wote ila usinyunyizie jioni: baridi ikikutana na ulowevu, unaleta homa ya mapafu.

7. Dume. Mwingize baridi ikifika katikati. Siku nne au tano pamoja, tatu mbali, rudia mpaka joto lirudi. Ukimwona anamkwaruza jike kwa vile vijikucha vya pembeni ya kloaka (tundu la haja na uzazi), waache. Usilishe wakiwa pamoja.

8. Mimba. Soma hapa mara mbili. Jike mwenye mimba hukataa chakula, hulala ameelekeza tumbo juu au ubavuni, na rangi yake hukolea mpaka karibu na nyeusi. Kuanzia hapo anahitaji *uchaguzi* wa joto. Sehemu ya kuota iwe nyuzi 31–32, upande wa baridi 23–24, na usiku kizimba kizima kishuke mpaka 22–23. Wengi wanaharibu kwa kufunga kizimba chote kwenye nyuzi 30 wakiamini wanamsaidia. Jike anakosa pa kukimbilia, anaishiwa maji, na watoto wanatoka uti umepinda au wamekufa. Kosa la pili ni kinyume chake: joto lipo, lakini juu ya kijitawi chembamba. Akiwa na tumbo zito hawezi kukaa pale, anashuka kulala sakafuni penye baridi, mimba inarefuka, unaishia kuokota mayai yasiyorutubishwa. Mjengee rafu pana, bapa, chini ya paneli ya joto.

TAHADHARI: kitambuzi cha kidhibiti joto kikibandikwa ukutani kinaweza kusoma 30 huku mgongo wa nyoka unapokea 40. Pima kwa kipimajoto cha kulenga, pale pale rafuni. Usimbinye tumbo kuhesabu watoto. Na usikimbilie sindano ya oksitosini (homoni ya kuchochea uchungu) kwa sababu "tarehe imepita": mimba huchukua miezi sita hadi minane, wakati mwingine zaidi, kulingana na joto.

9. Kuzaa. Huzaa watoto hai, kwa kawaida chini ya 12, wa kama sentimita 40, wekundu. Ukijani wa madagascariensis unakuja baadaye. Kila mtoto kontena lake, taulo ya karatasi, kijiti chembamba, nyuzi 25–28, unyevu wa asilimia 70–80. Akijivua gamba la kwanza ndipo umpe panya mchanga aliyeanza kuota manyoya, aliyepashwa moto, usiku.

---

MASWALI

Chui_Kibonge: Mkuu jike langu amekuwa mweusi ghafla, hajala, hii ni wiki ya tano. Nimpe antibayotiki gani?

Jibu: Hatua ya 8, pale mwanzoni: hizo ni dalili za mimba. Usimpe dawa yoyote.

Mzee wa Vizimba: Mimi niliweka 30 mfululizo na watoto walizaliwa. Somo lako linatisha watu bure.

Jibu: Sijasema hawazaliwi. Tuwekee hapa idadi ya waliokufa, waliopinda na mayai yasiyorutubishwa, tuzungumze tukiwa na hesabu nzima.

Bi Mwanaisha: Ahsante kwa somo, kaka. Kwa nini wanakuwa weusi? Na rangi inarudi?

Jibu: Karibu dada, swali zuri. Ngozi nyeusi hunyonya joto zaidi la jua, hivyo jike anapasha mimba kwa muda mfupi wa kuota. Ndiyo maana napendelea joto litokalo juu: mkeka wa joto wa chini haumfai nyoka wa matawini, kwani hawezi kutumia mgongo wake kama anavyofanya msituni. Rangi hurudi baada ya kuzaa, taratibu, kadiri anavyojivua gamba. Piga picha kila wiki mahali pamoja na taa ile ile; mabadiliko ya rangi yatakuonyesha mimba mapema kuliko jicho tupu.

kijana254: Nina jike wa miezi 20 amenona vizuri. Nimwingizie dume?

Jibu: Hapana. Hatua ya 5.

kijana254: Lakini ni mkubwa kuliko wa rafiki yangu

Jibu: Hapana.

Otieno_Reptilia: Nipo Nairobi. Naweza kuagiza jozi kutoka Ulaya? Na baridi nitaipataje huku?

Jibu: Anza KWS (Shirika la Wanyamapori Kenya) kabla hujatuma hata senti. Spishi ya Kiambatisho I inataka kibali cha kuingiza na cha kutoa, vyote viwili, na kufuga kwenyewe kunataka leseni. Kuhusu baridi, Julai ya Nairobi usiku hushuka chini ya hiyo 17, kwa hiyo kazi yako itakuwa kuizuia isizidi. Fuata majira ya hapo ulipo, usikopi kalenda ya Ujerumani.

Bi Mwanaisha: Mtoto akigoma kula?

Jibu: Msugue panya kwa manyoya ya kifaranga au kware, kisha mwache mtoto wa nyoka naye kwenye kikopo chenye giza, chenye matundu, usiku kucha. Usijaribu tena kabla ya siku saba. Chura hai usimpe, ataleta minyoo.

Salum_Muscat: Nyongeza: umeme ukikatika usimwagie kizimba maji ya moto. Chupa mbili za maji vuguvugu zilizofungwa kitambaa, ndani ya boksi la povu, na jike humo humo.

Jibu: Sawa kabisa. Kama jenereta ipo, paneli ya wati 80 haili mafuta mengi. Hakikisha tu kidhibiti kinarudi kwenye mpangilio wake umeme ukirudi. Vingine hurudi kwenye mpangilio wa kiwandani.