Namna ya Kuchagua Mahali pa Kupeleka Sadaka na Michango Yako

Mtu mwenye kipato mjini Lamu, hata kikiwa ni kipato cha duka dogo au mshahara wa mwalimu, huombwa mchango karibu kila juma. Leo ni jirani anayepelekwa Mombasa kwa matibabu, kesho ni paa la madrasa, keshokutwa ni kikundi kinachopanda mikoko, na Ramadhani ikikaribia jumbe za futari huanza kuingia katika simu kutoka kwa watu asiowajua. Wengi wetu hutoa kwa kufuata mpangilio wa maombi yalivyotufikia: aliyetangulia hupata, aliyechelewa hukuta mfuko mtupu, na hakuna anayejua kama aliyechelewa ndiye aliyekuwa na haja kubwa zaidi. Nimekuwa mweka hazina wa mfuko wa mtaa kwa miaka kadhaa, na nimefikia kuamini kwamba uamuzi wa nani atasaidiwa unapaswa kufanywa kabla ya ombi kufika, mtu akiwa ametulia na daftari mbele yake. Maelezo haya ni ya yeyote anayetaka kufanya hivyo.

Tenganisha wajibu na hiari

Anza kwa kuandika kando kile unachodaiwa na dini yako. Kwa Mwislamu, zaka ya mali ni asilimia 2.5 ya mali iliyofikia nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, na ikatimiza mwaka mmoja wa hijria mikononi mwake. Wanaostahiki kupewa ni makundi manane yaliyotajwa katika Sura At-Tawba, aya ya 60, wakiwemo mafukara, masikini na wenye kulemewa na madeni. Wanazuoni wengi hawaruhusu zaka kutumiwa kujenga msikiti au kuchimba kisima, kwa kuwa zaka inatakiwa imilikiwe na mtu anayeistahiki. Kwa hiyo ukiona tangazo la ujenzi linalosema kwamba zaka na sadaka zote zinapokewa, muulize sheikh unayemwamini kabla hujatuma. Ujenzi una mlango wake, nao ni sadaka ya kawaida au wakfu, na mali ya wakfu ni vyema iandikishwe kwa Tume ya Wakfu ili isije ikageuzwa urithi na kizazi kinachofuata. Majirani zetu Wakristo wa Malindi wana fungu la kumi, nao wanahitaji utenganisho huohuo, kwa maana fungu la kumi lina mahali pake na harambee ina mahali pake.

Kinachobaki ni hiari, na hicho ndicho kinachohitaji kupangwa. Tuseme unaweza kutoa shilingi 3,000 kwa mwezi. Weka 1,000 kando kwa dharura za ndugu na majirani, ambazo huwezi kuzitabiri na hupaswi kuzikwepa. Weka 1,500 kwa taasisi mbili, au tatu kwa wingi, ambazo umezichunguza na utazisaidia kila mwezi. Zilizobaki zipeleke mbali, kwa watu ambao hutawaona kamwe. Viwango hivi ni mfano tu, lakini ninasisitiza idadi ndogo ya taasisi, kwa sababu mtu anayetoa shilingi 100 kwa mashirika kumi na tano hana nafasi ya kulijua hata moja.

Fikiria pia majira. Pwani yetu hutoa sana katika Ramadhani, kisha mikono hufunga. Lakini mvuvi wa chombo kidogo hapungukiwi na chakula kwa kufuata kalenda ya futari. Hupungukiwa wakati wa kusi, bahari inapochafuka na siku nyingi zikapita bila kutoka. Ukiwa na mfuko wa kila mwezi utakuwa na kitu cha kumpa wakati huo.

Uliza ni nini kisingetokea bila fedha yako

Hili ndilo swali ninaloliona kuwa muhimu kuliko yote, na ndilo tulilochelewa kujifunza. Miaka kadhaa iliyopita mfuko wetu ulichangia pampu ya kisima katika kijiji kimoja cha bara, kupitia kikundi kilichotuletea picha nzuri za siku ya uzinduzi. Kabla mwaka haujatimia pampu ilikufa kwa kukosa kipuri, fundi aliyeijua alikuwa Mombasa, na kina mama wakarudi kuteka kwa ndoo na kamba palepale. Sisi tuliuliza bei ya pampu. Hatukuuliza nani ataitengeneza, kwa fedha ya nani, wala kama wanakijiji wenyewe wangeichagua pampu lau wangepewa hiari. Tangu hapo, tukiombwa kuchangia maji, tunaanza na jabia. Vijiji vya kisiwa cha Pate vinajua tangu zamani kukinga mvua kwenye sakafu pana na kuihifadhi katika birika la chini, na sakafu ya jabia ikipata ufa, mwashi wa hapohapo huweza kuuziba kwa saruji. Jabia ina udhaifu wake, kwa kuwa mvua ikikosekana hukauka. Hata hivyo, kitu kinachoweza kutengenezwa na mwenye kukitumia kina maisha marefu kuliko kitu kinachomngojea mgeni.

Ipo njia nzuri ya kupima mradi wowote: je, una manufaa kuliko kumpa mhitaji fedha hiyo mkononi? Shirika la GiveDirectly lilianza kazi yake nchini Kenya kwa kutuma fedha moja kwa moja kwa familia maskini kupitia M-Pesa, bila masharti ya matumizi. Utafiti uliofanywa Rarieda, katika Kaunti ya Siaya, ulionyesha kwamba familia zilizopokea ziliongeza mali na chakula, na matumizi yao ya pombe na tumbaku hayakuongezeka, ingawa hofu hiyo ndiyo watu wengi huitaja wanapokataa kumpa maskini fedha taslimu. Mradi wa mafunzo au wa vifaa unaoletwa kwako unapaswa kueleza kwa nini unazidi hapo, na ipo miradi inayozidi.

Mfano wake tunao hapa Pwani. Kati ya mwaka 1993 na 1995 watafiti walijaribu vyandarua vilivyotiwa dawa huko Kilifi, katika kaunti ambayo leo Malindi imo ndani yake. Vifo vya watoto wa kuanzia mwezi 1 hadi miezi 59 vilipungua kwa asilimia 33, na watoto waliolazwa hospitalini kwa malaria kali walipungua kwa asilimia 44. Ushahidi huo wa Kilifi, pamoja na ule wa sehemu nyingine za Afrika, ulisaidia kufanya vyandarua kuwa jambo la kawaida katika bara zima. Hata hivyo, usikimbilie kununua vyandarua dukani ukavigawe mtaani, kwa kuwa hapa kwetu serikali huvigawa bure katika kampeni na kliniki za wajawazito. Fedha yako ingefanya kazi ambayo ingefanyika hata bila wewe. Mahali pake ni katika lile fungu la mbali, kupitia shirika kama Against Malaria Foundation, ambalo hufadhili vyandarua katika nchi zenye upungufu. Taasisi ya GiveWell ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2007 kwa kazi ya kupima mashirika ya hisani kwa ushahidi, imelipendekeza kwa miaka mingi, na hoja zake huziweka wazi kwa yeyote kuzisoma. Mtoto anayenusurika nchi nyingine ni mtoto sawa na wa mitaa yetu ya Mkomani au Langoni.

Maswali ya kuuliza kikundi cha karibu

Watu wengi wa Pwani huona haya kumhoji anayeomba kwa ajili ya heri, kana kwamba swali ni tuhuma. Sioni hivyo. Aliyepokea mchango amepokea amana, na mwenye amana huulizwa. Kikundi kizuri hufurahi kuulizwa.

Chukua mikoko. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na kampeni za kupanda miche ni nyingi. Ukiambiwa kwamba kikundi kimepanda miche maelfu, usitoe kwa ajili ya idadi hiyo. Uliza ni mingapi iliyokuwa hai baada ya miaka miwili. Kila aina ina mahali pake: mlilana husimama mbele kabisa kuelekea bahari, mkandaa hukaa nyuma, na mkoko ukipandwa penye mawimbi kwa sababu tu mbegu zake ni rahisi kuokota, mara nyingi husombwa au hufa. Kikundi kinachokujibu kwa majina ya miti, na kinachoweza kukupeleka kuona iliyokufa pamoja na iliyo hai, kinaijua kazi yake.

Nyumba za watoto zinahitaji uangalifu zaidi, hasa upande wa Malindi na Watamu ambako wageni hupelekwa kuzitembelea. Si kila mtoto anayelala humo ni yatima. Wengi wana mzazi au jamaa aliyeshindwa kwa umaskini. Novemba 2017 serikali ilisimamisha usajili wa nyumba mpya za aina hiyo, na mkakati wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2032 umelenga kuwarudisha watoto katika familia na jamii. Kwa hiyo muulize msimamizi: ni watoto wangapi waliorudishwa kwao mwaka uliopita, na nani huwafuatilia? Ikiwa nyumba huonyesha watoto kwa wageni ili ipate michango, mimi singeipa hata shilingi. Ningempa karo na unga shangazi au bibi anayelea watoto watatu wa marehemu, wakabaki kwa jamaa zao.

Usiwaache nyuma wanaofanya kazi isiyo na picha. Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa hapa Lamu, baada ya kesi iliyofunguliwa na Save Lamu, muungano wa vikundi vya jamii vya hapa, pamoja na wakazi. Mwaka uliotangulia, Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa ajili ya madhara ya ujenzi wa bandari ya Lamu. Nauli za mashahidi na uchapaji wa nyaraka ni matumizi ambayo hakuna mfadhili anayependa kuandikwa jina lake juu yake, lakini yaligusa riziki za maelfu ya watu. Vivyo hivyo na wanyama: kituo cha matibabu ya bure cha punda, kilichoanzishwa Lamu mwaka 1987, humsaidia pia mwenye punda, maana katika mji usio na njia za magari, punda akiugua, mchanga na saruji vya mteja havifiki na mchukuzi halipwi.

Kuhusu gharama za uendeshaji, nina ushauri unaokwenda kinyume na mazoea. Usikiache kikundi kwa sababu kinalipa mhasibu na kununua mafuta ya boti. Kutoka Amu, yaani Lamu mjini, hadi Kiunga ni safari ndefu, na petroli hailipwi kwa dua. Anayekuambia kwamba kila senti humfikia mhitaji ama ana mfadhili mwingine anayelipia safari, na atakutajia ni nani, ama hasemi kweli.

Karatasi na njia ya fedha

Mashirika yasiyo ya kiserikali husimamiwa na Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024. Vikundi vya kijamii husajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2022, kwa ofisi ya maendeleo ya jamii. Omba kuona cheti na hesabu za mwaka uliopita. Tuma kwa nambari ya malipo iliyo katika jina la kikundi chenyewe, usome jina linalojitokeza kabla ya kuthibitisha, na ukiambiwa utume kwa simu ya mtu binafsi, simama.

Kwa mgonjwa, lipa hospitali moja kwa moja kila inapowezekana, na kwanza uliza kama amesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF, ule mfuko wa zamani wa bima ya afya, Oktoba 2024. Mara nyingine msaada bora ni kumlipia mtu michango yake ya bima ya mwaka kabla hajaugua, na kiasi hicho ni kidogo sana kuliko harambee ya baadaye.

Baada ya kutoa

Chagua siku moja katika mwaka, labda baada ya Idi, ufungue daftari na uangalie uliowapa. Kwa kila mmoja andika jambo moja ulilolithibitisha kwa macho yako au kwa mtu asiye wa kikundi hicho. Ukikosa cha kuandika kwa miaka miwili mfululizo, badilisha. Lakini usikatize ghafla: kikundi kidogo huenda kimemwajiri mwalimu au nahodha kwa kutegemea ahadi yako, hivyo wape taarifa miezi mitatu kabla, ueleze sababu yako kwa adabu, na utimize malipo ya miezi hiyo mitatu.