Tepla za Shitala Mata, zisichache kwa joto la Mombasa

Siku ya Shitala Satam jiko haliwashwi kwa Wagujarati Wahindu: Shitala, mungu mama wa ubaridi aliyeombwa dhidi ya ndui, hutolewa chakula kilichopikwa jana yake, kama tepla, chapati nyembamba za uwatu.

Osha majani ya uwatu kikombe 1, yakaushe kwa kitambaa, yakate. Changanya na unga wa atta (ngano isiyokobolewa) vikombe 2, manjano, pilipili, chumvi, mafuta vijiko 3. Kanda kwa mtindi, kidogo kidogo. Ukitia maji zitachacha upesi. Sukuma nyembamba, choma kwenye tawa kwa mafuta hadi zipate madoa ya kahawia.

Wengi huziharibu hapa: huzifunika zingali moto. Mvuke hugeuka matone, na asubuhi zinanata, zinanuka. Zitandaze kwenye ungo zipoe kabisa, ndipo uzifungie.