Namna ya Kutafsiri Kitenzi "Adjourn": Itafute Siku Kwanza

Katika kazi yangu ya kutafsiri nyaraka za mahakama na mabaraza, kitenzi cha Kiingereza "adjourn" hunisimamisha kila ninapokutana nacho, kwa sababu jibu la haraka, yaani "kuahirisha", mara huwa sahihi na mara hupotosha.

Hatua ya kwanza ni kulifungua neno lenyewe. Liliingia katika Kiingereza karne ya 14 kutoka Kifaransa cha kale, ambako "a" ni "hadi" na "jor" ni "siku"; herufi "d" iliongezwa baadaye kwa kuiga Kilatini. Hapo mwanzo lilimaanisha kumwita mtu afike barazani siku iliyotajwa. Ndani yake, basi, mna siku ya kurudi, ilhali "ahirisha" letu, lililotoka Kiarabu, hubeba zaidi wazo la kuchelewesha.

Pili, uliza kama shughuli ilikuwa imekwisha kuanza. Kwa kisichoanza Waingereza hutumia "postpone", lakini Kiswahili hutumia "ahirisha" kwa yote mawili, hivyo palipo na shaka ongeza maneno machache: "shauri liliahirishwa baada ya shahidi wa pili kusikilizwa".

Tatu, pima urefu wa mapumziko. Mwingereza hutumia kitenzi hikihiki hata kwa kwenda kula chakula cha mchana. Hapa napendekeza tufuate kumbukumbu rasmi za Bunge la Tanzania, ambazo kwa kawaida huandika kwamba Bunge "lilisitishwa" hadi saa 11 jioni, lakini "liliahirishwa" hadi siku nyingine saa 3 asubuhi. Huo ni utaratibu mzuri, nao umekwisha kuzoeleka masikioni mwa wasomaji.

Nne, usilichanganye na "prorogue", ambalo ni kufunga kipindi kizima cha Bunge, na kwa kawaida miswada ambayo haijapitishwa hufa nacho. Tarehe 24 Septemba 2019 majaji 11 wa Mahakama ya Juu ya Uingereza waliamua kwa kauli moja kwamba kipindi cha Bunge lao hakikufungwa kisheria. Kesho yake Spika John Bercow akaagiza kumbukumbu zisahihishwe, zionyeshe kwamba tarehe 9 Septemba Bunge liliahirishwa tu. Mtafsiri anayeandika "kuahirisha" kwa maneno yote mawili huifuta tofauti ambayo kesi nzima ilihusu.

Mwisho, tazama sarufi. Kiingereza huruhusu kusema "the court adjourned" bila kutaja kinachoahirishwa, lakini "Mahakama iliahirisha" huning'inia. Andika "Mahakama iliahirisha shauri hadi tarehe 4 Machi". Ukikuta maneno ya Kilatini "sine die", yaani "bila siku", usibuni tarehe wala usiliache pengo: andika "liliahirishwa bila kupangiwa tarehe", ili mdaawa, yaani mwenye shauri, ajue kwamba hajaitwa siku yoyote.