Jinsi ya kuomba ripoti ya daktari ya goti yenye msimbo sahihi, Lamu na Malindi

Ripoti iliyoandikwa "maumivu ya goti" bila neno jingine haitakufikisha mbali. Bima inaweza kuirudisha, mwajiri akaitilia shaka, na daktari wa mifupa kule Mombasa akaanza upya maswali uliyokwisha kujibu Lamu. Maumivu ni dalili tu. Maradhi yenyewe yana jina, na kila jina lina msimbo, yaani alama fupi ya herufi na tarakimu, katika orodha ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani iitwayo ICD. Anayeweka msimbo, awe daktari au afisa wa rekodi, hatakiwi kukisia. Hufuata kilichoandikwa kwenye faili. Kwa hivyo msimbo sahihi huanzia kwa maneno yako mwenyewe mbele ya daktari, kabla hujaandika ombi lolote.

Usifuate utaratibu huu ikiwa goti limevimba ghafla, lina moto na una homa, au umeanguka na huwezi kuukanyagia mguu. Nenda kitengo cha dharura siku hiyo hiyo. Usaha ndani ya kiungo huharibu gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, upesi sana. Karatasi zitafuata baadaye.

Wengine wote, anzeni kwa usajili wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya zamani ya taifa, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024. Kama hujajisajili, piga *147# ukiwa na kitambulisho mkononi. Kisha nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Ikibidi watakuandikia barua ya rufaa ya kwenda hospitali ya King Fahd, Lamu, au hospitali kuu ya Malindi. Chukua picha zako za zamani za eksirei na dawa zote unazotumia, za dukani na za mitishamba pia.

Mbele ya daktari, taja upande kwanza: goti la kulia, la kushoto, au yote mawili. Hakikisha unamwona akiliandika. Halafu eleza lilianza lini na kwa sababu gani, maana goti lililochakaa kwa miaka na goti lililoumia siku moja huwekwa katika sura mbili tofauti za orodha. Baharia aliyeteleza gatini Mokowe goti likajipinda ataangukia kwenye misimbo inayoanza na S, ya majeraha. Bibi wa miaka 65 ambaye kila mwaka anazidi kupata taabu kuinuka kutoka kwenye sijda ataangukia kwenye M, ya maradhi ya mifupa na viungo. Wote wawili watasema "goti laniuma", na wakiishia hapo faili zao zitafanana.

Sema pia goti linakuzuia kufanya nini: kupanda ngazi za nyumba, kupanda punda, kuchutama, kukaa tahiyatu. Kama hukwama lisinyooke, sema, kwa kuwa huenda meniski, yaani kile kisahani cha gegedu ndani ya goti, imepasuka. Kama hulegea lenyewe ukitembea, sema vilevile, kwani huenda ni kano, zile nyuzi zinazoshikanisha mifupa, zimeumia. Mwenye selimundu (sickle cell), jongo (gout) au kisukari asisubiri kuulizwa. Maumivu ya selimundu yana msimbo wake, D57, na matibabu yake si ya goti lililochakaa.

Sasa misimbo yenyewe. Katika ICD-10, toleo la kumi la orodha hiyo, M25.5 ni maumivu ya kiungo, na tarakimu 6 ikiongezwa huonyesha sehemu ya goti. M17 ni kuchakaa kwa gegedu la goti: M17.0 kwa magoti yote mawili pale ambapo hakuna chanzo kingine, M17.1 kwa goti moja. M23 ni hitilafu za ndani ya goti, S83.2 ni meniski iliyopasuka kwa jeraha jipya, M10 ni jongo. Kupewa M25.5 ziara ya kwanza si kosa hata kidogo. Daktari ambaye bado hajaona eksirei anaandika anachokijua. Lakini eksirei ikishaonyesha gegedu limechakaa na daktari akathibitisha, ripoti ibebe M17. Hapo ndipo unapotakiwa kuuliza kwa upole, "Daktari, jina la ugonjwa limebadilika?" Usiombe kamwe kuandikiwa ugonjwa mzito kuliko uliopatikana. Huo ni udanganyifu, na faili itakufuata miaka mingi.

Usishtuke ukiona FA01 au ME82. Hizo ni za ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022: ya kwanza ni kuchakaa kwa goti, ya pili ni maumivu ya kiungo. Wala usinakili msimbo kutoka mtandaoni. Marekani wana toleo lao, ambamo M25.561 ni goti la kulia na M25.562 la kushoto. Itakufaa tu ikiwa bima yako ni ya huko.

Ombi lenyewe ni fupi. Lipeleke ofisi ya rekodi pamoja na nakala ya kitambulisho:

"Kwa Msimamizi wa Hospitali. KUH: OMBI LA RIPOTI YA MATIBABU. Mimi (jina kamili, nambari ya kitambulisho, nambari ya faili) nilitibiwa goti la (upande) tarehe (…). Naomba ripoti inayoonyesha historia ya maumivu, matokeo ya uchunguzi na eksirei, jina la ugonjwa na msimbo wake, matibabu, na kazi nisizoweza kufanya kwa sasa. Ripoti ni ya (bima, mwajiri au rufaa). Wako mwaminifu."

Uliza ada mapema na udai risiti. Ukimtuma mtoto au mwenzio, mpe barua ya idhini yenye sahihi yako, kwa sababu habari za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Aliyeumia kazini amjulishe mwajiri mara moja na kuomba fomu ya ajali, ambayo ina sehemu ya kujazwa na daktari. Sheria ya fidia ya 2007 inataka dai liwasilishwe ndani ya miezi 12. Aliyegongwa na bodaboda au kupigwa aanzie kituo cha polisi, apewe fomu ya P3, ya polisi, ambayo daktari huandika majeraha.

Ripoti ikitoka, usiondoke dirishani kabla hujaikagua. Huandikwa kwa Kiingereza, basi kama hukisomi omba usomewe. Jina lifanane na la kitambulisho, upande ufanane na ulio kwenye eksirei, msimbo ulingane na maneno, na sahihi na muhuri viwepo. Ukikuta kosa, sheria hiyo hiyo ya 2019 inakupa haki ya kuomba lisahihishwe. Aliyeandika ndiye wa kusahihisha: apige mstari mmoja, aandike lililo sawa, atie sahihi na tarehe. Wewe usiguse kalamu.

Wanaokwenda Mombasa kwa upasuaji waulize hospitali kama idhini ya SHA imeshapatikana kabla ya kukata tikiti, na wabebe picha yenyewe ya eksirei pamoja na maelezo yake. Nakala moja ya kila karatasi ibaki nyumbani.