Kabla hujazibwa jino kwa dawa ya muda, panga haya

Jino likishazibwa kwa dawa ya muda, maumivu hutulia, na wengi wetu tunahesabu kwamba kazi imekwisha. Haijaisha. Dawa hiyo huwekwa ili mate, vijidudu na mabaki ya chakula visipenye ndani kwa siku au wiki chache, mpaka daktari amalize matibabu ya mzizi au aone kama kiini cha jino kimetulia. Muda wake una mwisho. Kwa hiyo jambo la kwanza la kupanga, kabla hata hujakaa kwenye kiti, ni siku ya kurudi.

Nawafikiria hasa watu wa safari: dereva wa lori anayengoja foleni ya Malaba, askari ambaye likizo yake inaisha Jumapili, mfanyabiashara wa Arua aliyeshuka Kampala kuchukua bidhaa na jino likamwamkia huko huko. Huzibwa leo, kesho yuko barabarani, na akija kulikumbuka jino miezi imepita na usaha umeshajaa. Kama unajua hutaweza kurudi ndani ya wiki mbili, mwambie musawo, yaani daktari au mhudumu wa afya, kabla hajaanza. Si jambo la kuona haya. Jibu lako linaweza kubadilisha dawa atakayochagua, na anaweza kukuandikia barua ili umalizie matibabu karibu na kwako.

Inafaa pia ujue dawa zenyewe, maana haziko sawa. Iko ile laini inayotoka kwenye kichupa ikiwa tayari, na inayojulikana zaidi ni Cavit. Ndani yake mna zinki oksidi na kalsiamu salfeti, na haikorogwi na kitu: unyevu wa mdomoni ndio unaoigandisha. Ikinyonya unyevu huo hutanuka kidogo na kujibana kwenye kuta za tundu, ndiyo sababu katika majaribio mengi ya maabara imeonyesha kuziba kingo vizuri. Udhaifu wake ni nguvu, kwa sababu hulika upesi kwa kutafuna. Tundu likiwa juu ya jino tu, na dawa ikapata unene wa milimita 3.5 au zaidi, inafanya kazi yake kwa wiki moja hadi tatu. Ubavu wa jino ukiwa umeliwa pia, mimi nisingeitegemea hata hizo wiki tatu.

Ya pili utaitambua kwa harufu ya karafuu. Ni poda ya zinki oksidi iliyokorogwa na yujinoli, kiini cha mafuta ya karafuu zile zile za Unguja na Pemba. Hutuliza jino lenye uchungu na kuwadhoofisha vijidudu. Aina iliyoongezwa nguvu, kama IRM, hustahimili kutafuna kuliko Cavit, lakini kingo zake huvuja mapema zaidi, hasa chai ya moto na maji baridi vinapopishana mdomoni. Na kuna jambo moja ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi: yujinoli huzuia isigande vizuri ile dawa ya kudumu yenye rangi ya jino, inayokaushwa kwa mwanga wa bluu. Ukienda kumalizia kwa daktari mwingine, ni lazima ajue kwamba ulikuwa na dawa ya karafuu, apate kusafisha mabaki yake yote au achague njia nyingine.

Ya tatu ni simenti ya glasi-ayonoma. Hii hushikana na jino kikemia na huachia floridi. Iligunduliwa Uingereza, na wagunduzi wake, Wilson na Kent, walitangaza habari zake mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ila kwetu Afrika Mashariki ina historia ya karibu zaidi: katikati ya miaka ya 1980, huko Tanzania, ndiko ilikoanzia njia ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono tu, bila umeme wala mashine, kisha kuziba, baadaye simenti hii ndiyo ikawa dawa yake. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Kwa mtu anayeishi mbali na daktari wa meno, nashauri aulize kama ipo na kama inafaa kwa jino lake. Kwenye tundu dogo la upande mmoja inaweza kukaa miaka. Lakini kama mzizi wa jino umefunguliwa na haujamalizwa, hata simenti hii haikuondolei safari ya kurudi.

Kabla ya kutoka nyumbani, piga simu. Hapa Uganda vituo vya afya vya ngazi ya nne huwa na afisa wa meno, lakini kuwapo kwake si sawa na kuwapo kwa dawa, na mahali pengine kinachofanyika siku hiyo ni kung'oa tu. Uliza wana dawa gani ya kuziba, kama eksirei ipo, na matibabu ya mzizi hufanyiwa wapi. Halafu uliza bei ya hatua zote kwa pamoja, ya leo na ya kumalizia, na uongeze nauli. Naliwekea mkazo hili kwa sababu fedha ndiyo inayowazuia wengi wasirudi: mtu anamaliza alichonacho kwenye hatua ya kwanza, anabaki na jino lililofunikwa nusu, na mwishowe linang'olewa. Shilingi za hatua ya pili zitengwe kabla ya zile za kwanza kutumika.

Siku yenyewe kula vizuri, piga mswaki, na kama unatumia dawa za sukari au presha zitumie kama ulivyoelekezwa. Mjamzito aseme kuwa ni mjamzito, na mwenye dawa inayomdhuru aitaje. Beba lile daftari lako la matibabu, na umwombe musawo aandike mambo matatu: jina la dawa aliyoweka, jino gani, na mwisho wa kurudi ni lini. Daftari hilo litakusaidia hata ukiishia kwa daktari wa wilaya nyingine.

Ukiwa kwenye kiti hutaweza kusema sana, ila unaweza kuuliza mapema kama pamba itawekwa chini ya dawa. Pamba hurahisisha kufungua jino baadaye, lakini ikiwa nyingi hula nafasi ya dawa, na uzi wake mmoja ukinaswa ukingoni huvuta mate kuingia ndani kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Kabla hujainuka, ng'ata polepole. Ukihisi jino hilo linatangulia mengine, sema pale pale lipunguzwe, kwa sababu dawa iliyozidi kimo huvunjika mapema.

Baada ya hapo usile chochote kwa muda wa saa moja hivi, na kama ni ile laini ya Cavit, usitafunie upande huo mpaka kesho yake, maana ndani huchukua muda mrefu kukauka kuliko juu. Basi likisimama Namawojjolo, kwenye soko la vyakula kando ya barabara, na mishikaki ikaingizwa dirishani, kula ndizi kwa upande mwingine, nyama iache. Miwa, mahindi ya kuchoma, karanga ngumu na bigijii ziepuke mpaka jino litakapomalizwa. Mswaki endelea kupiga, taratibu.

Kila asubuhi liangalie kwenye kioo. Ladha mbaya isiyoisha, chakula kinachonasa, ukingo uliozama, au ubaridi unaochoma ghafla ni dalili kwamba dawa inavuja. Lakini usingoje maumivu yakuambie: jino ambalo mshipa wake umeshatolewa linaweza kuvuja kimyakimya huku mate yanachafua mizizi iliyosafishwa kwa saa nzima. Dawa ikidondoka, rudi siku hiyo au kesho yake. Usijaze tumbaku wala supaglu, na usibandike aspirini, kwani huunguza fizi. Na ukiona uso umevimba, una homa, mdomo haufunguki au kumeza kumekuwa kugumu, nenda hospitali mara moja, hata kama ni usiku.