Miruko mitatu kwa wanawake: anza kujenga mruko wa pili

Msichana anayeanza miruko mitatu (kukimbia, kisha kuruka mara tatu mfululizo na kutua mchangani) huruka juu sana mara ya kwanza, goti linalegea anapotua, mruko wa pili unakuwa hatua ya kawaida tu, kisha anajiokoa kwa mruko wa tatu. Mpime kwa utepe. Mara nyingi mruko wa kati hautafika hata robo ya umbali wote. Sentimita zake zimepotelea hapo, na mafunzo yaanzie hapo.

Hatua ya 1: Andaa uwanja

Kwenye mashindano ya kimataifa ya wanawake, ubao wa kurukia huwa mita 11 kutoka ukingo wa mchanga. Ubao una upana wa sm 20, na njia ya kukimbilia ina upana wa mita 1.22 na urefu usiopungua mita 40. Anayeruka chini ya mita 12 asitumie ubao wa mita 11, kwa sababu akikosea kidogo tu anatua kwenye sakafu ngumu. Mchoree mstari wa chokaa mita 9 kutoka mchangani, au mita 7 kama ndiyo kwanza anajifunza. Lima mchanga kwa jembe kabla ya kila zoezi, kisha usawazishe kwa reki.

Hatua ya 2: Chagua mguu

Mguu mmoja hufanya kazi mara mbili: unaruka ubaoni, unatua, unaruka tena. Mruko wa tatu unafanywa na mguu wa pili. Kwa hiyo mpangilio ni kushoto-kushoto-kulia, au kulia-kulia-kushoto. Mwambie aruke kwa mguu mmoja mita 20 kwenye majani, kila mguu kwa zamu, uhesabu miruko. Mguu uliotumia miruko michache bila kuyumba ndio wa kuanzia.

Kabla hajaendelea, mwambie achuchumae kwa mguu mmoja hadi makalio yaguse boksi la sm 40, nawe ukiwa mbele yake. Goti likiingia ndani kuelekea goti jingine, miruko isubiri. Kano za goti huumia zaidi kwa wanawake kuliko wanaume katika michezo ya kuruka na kutua, na mkao huo wa goti ni mojawapo ya sababu. Wiki 4 hadi 6 za kuimarisha nyonga na mapaja kwanza.

Hatua ya 3: Mruko wa pili

Weka boksi la sm 15 hadi 20 kwenye majani. Asimame juu yake kwa mguu wa kurukia, ashuke atue kwa mguu uleule, na papo hapo aruke mbele atue kwa mguu mwingine. Rudia mara 6, pumzika dakika 2, fanya seti 3.

Angalia unyayo. Unatakiwa kutua wote kwa pamoja, ukiwa tayari unavutwa kurudi nyuma. Akitua kwa vidole, kifundo kinabeba mzigo wote na kasi inakufa. Akitupa kisigino mbali mbele ya mwili, anajifungia breki, na baada ya wiki chache kisigino kitamuuma hadi ashindwe kukanyaga. Paja la mguu huru lifike usawa wa nyonga na likae hapo kidogo kabla ya kushuka. Wengi hulishusha mapema kwa woga.

Kwa anayeanza, miguso 60 hadi 80 ya ardhi kwa kipindi inatosha, vipindi viwili kwa wiki, na angalau saa 48 katikati. Hesabu kila mguso: miruko mitatu mara moja ni miguso mitatu, mchanga ukiwemo. Maumivu ya mfupa wa ugoko yanayoendelea hata usiku yanahitaji daktari, si barafu peke yake. Muulize pia kama anakula vya kutosha na kama hedhi yake imekatika. Mwanariadha asiyekula kiasi cha kazi anayoifanya hupoteza hedhi na mifupa yake hudhoofika, na mchezo huu humpiga mfupa kuliko karibu michezo yote ya riadha. Kama kocha ni mwanamume na msichana anaona haya, awepo mwanamke wa kuzungumza naye.

Hatua ya 4: Mruko wa kwanza uwe chini

Sasa mpe hatua 8 za kukimbia. Kama lengo ni mita 12, gawa hivi: mruko wa kwanza asilimia 35, yaani mita 4.20; wa pili asilimia 30, yaani 3.60, wa tatu 4.20. Weka utepe wa gundi kando ya njia kwenye kila alama. Akipitiliza alama ya kwanza kwa sm 40 na mruko wa pili ukapungua sm 80, ataona mwenyewe hasara yake.

Halafu fumba macho usikilize. Miguu ikigonga kwa nafasi zinazolingana, pa… pa… pa, mgawanyo uko karibu na sawa. Ukisikia pa… pa-pa, mruko wa pili umefupishwa. Sikio hulishika kosa hili mapema kuliko jicho.

Hatua ya 5: Mbio za kuelekea ubaoni

Hatua 12 hadi 14 kwa anayejifunza. Wanawake wa kiwango cha dunia wengi hutumia 16 hadi 18. Akimbie kwenye treki mara 5 kuanzia mstari mmoja, uweke alama hatua ya 14 inapokanyaga kila mara, uchukue wastani, kisha uhamishie kipimo kwenye njia ya kukimbilia. Kanuni zinamruhusu alama mbili kando ya njia, si juu yake.

Kocha awe na alama yake ya siri akilini, hatua 6 kabla ya ubao. Msichana akiikanyaga sawasawa kisha akapata faulo kwa kupitiliza ubao, kosa ni hatua mbili za mwisho: anazirefusha kuutafuta ubao. Kusogeza mwanzo wa mbio hakutamsaidia. Akiwa ameshapitiliza alama hiyo kwa sm 15, hapo rudisha mwanzo nyuma sm 15. Upepo wa usoni hufupisha hatua, kwa hiyo sogeza mwanzo mbele. Upepo wa mgongoni, kinyume chake.

Tangu Novemba 2021 faulo haingoji alama kwenye plastisini, ule udongo laini unaowekwa mbele ya ubao. Ncha ya kiatu ikivuka mstari wa ukingo wa mbele wa ubao hata kama iko hewani wakati anaruka, bendera ni nyekundu. Mfundishe kulenga sm 5 hadi 10 nyuma ya mstari.

Hatua ya 6: Mchangani

Visigino vitangulie, magoti yalegee, makalio yapite pale visigino vilipotoboa. Kipimo huchukuliwa kwenye alama iliyo karibu zaidi na ubao, iwe ya mkono, makalio au hata kitu alichovaa. Nywele ndefu zifungwe juu, na fulana ichomekwe.

Hatua ya 7: Fainali

Kwa kawaida fainali huwa na majaribio matatu, kisha wanane bora wanapata mengine matatu. Kila jaribio lina dakika moja. Jaribio la kwanza liwe halali: mwanzo urudi nyuma sm 10, akimbie kama kawaida.

Inessa Kravets wa Ukraine alianza fainali ya dunia ya Gothenburg, 1995, kwa faulo mbili, kisha akaruka mita 15.50, rekodi ya dunia iliyodumu hadi Yulimar Rojas wa Venezuela alipoivunja kwenye Olimpiki ya Tokyo, 2021. Ni ushujaa mkubwa, ila usiufanye mpango. Thea LaFond wa Dominica alipata 15.02 katika jaribio la pili kwenye Olimpiki ya Paris, 2024, na waliobaki wakamkimbiza jioni nzima bila kumfikia. Hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza.

Kati ya majaribio avae nguo za joto, akae kivulini, atembee kila baada ya dakika chache. Dakika 3 kabla ya zamu yake, mbio fupi mbili za mita 20. Jaribio la sita lisibadilishwe kitu isipokuwa upepo umegeuka. Rojas alishinda ubingwa wa dunia Budapest, 2023, kwa mruko wake wa mwisho, 15.08 dhidi ya 15.00 ya Maryna Bekh-Romanchuk, kwa hiyo anayeongoza asivue viatu vyake vya spaiki mpaka bendera ya mwisho ipepee.