Istilahi za Sheria ya Dawa: Zisome Ukiwa na Boksi Mkononi

Sheria za dawa hutofautiana nchi na nchi, ila istilahi zake zinakaribiana sana. Usizikariri kama orodha. Chukua boksi moja la dawa, lifuate tangu linapoingia kwenye duka la dawa, na kwa kila istilahi jiulize: inamruhusu nani kufanya nini na boksi hili?

Hatua ya 1: Tenganisha majina

Jina kubwa la mbele kwa kawaida ni la biashara, na lina mwenyewe. Lile dogo chini yake ni jina la kimataifa la kiambata hai (kile kinachofanya kazi mwilini), ambalo halimilikiwi na kampuni yoyote; Shirika la Afya Duniani limekuwa likichapisha orodha za majina hayo tangu 1953. Tazama mwisho wa jina: atenolol na propranolol zote zinaishia na -olol kwa sababu ni za kundi moja.

Hapa ndipo neno jeneriki linapoingia, yaani dawa yenye kiambata hai kile kile cha dawa ya awali lakini ya kampuni nyingine, na ndipo wengi wanapokosea. Wakisikia kwamba jeneriki hulinganishwa na dawa ya awali kwa mipaka ya asilimia 80 hadi 125, hudhani kidonge chake kinaweza kupungukiwa na asilimia 20 ya dawa. Sivyo. Kinacholinganishwa ni dawa inayofika kwenye damu, si iliyomo kwenye kidonge, na kinachotakiwa kukaa ndani ya mipaka hiyo ni wigo mzima wa uhakika wa asilimia 90 (eneo ambamo wastani halisi unakadiriwa kuwamo), si wastani peke yake. Dawa ambayo wastani wake uko pembeni kabisa ni vigumu kupita. Hata hivyo, kwa warfarin (ya kuzuia damu kuganda), phenytoin (ya kifafa) na levothyroxine (ya tezi ya shingo), usimbadilishie mgonjwa chapa kabla ya kusoma kanuni ya ubadilishaji na kumtaarifu aliyeandika cheti cha dawa. Kwa dawa hizi tofauti ndogo kwenye damu ina uzito.

Hatua ya 2: Tafuta namba ya usajili

Usajili haupewi molekuli, yaani kiambata chenyewe. Hupewa bidhaa: mtengenezaji fulani, nguvu fulani, umbo fulani. Kapsuli ya miligramu 250 kusajiliwa hakuihalalishi ya miligramu 500. Linganisha boksi na rejesta ya mamlaka ya dawa ya nchi neno kwa neno, pamoja na jina la kiwanda. Usajili hutaja pia magonjwa yaliyokubaliwa. Daktari akiiandika kwa ugonjwa mwingine, hayo ni matumizi nje ya kibali: nchi nyingi humruhusu, lakini kampuni haina ruhusa ya kuitangaza dawa kwa matumizi hayo.

Hatua ya 3: Jua daraja la utoaji

Kuna dawa baridi (zinazouzwa bila cheti), dawa za cheti na dawa zinazodhibitiwa. Udhibiti wa kimataifa umesimama hasa juu ya mikataba miwili: wa 1961 unahusu dawa za kulevya kama mofini, na wa 1971 unahusu dawa zinazoathiri akili kama diazepam. Daraja linaweza kubadilika kulingana na kiasi cha dawa kilichomo. Kodeini iliyochanganywa na viambata vingine, isiyozidi miligramu 100 kwa kidonge au asilimia 2.5 kwenye dawa ya maji, ina masharti mepesi zaidi chini ya mkataba wa 1961 kuliko kodeini tupu. Sheria ya nchi inaweza kukaza zaidi ya hapo, na ndiyo inayokubana wewe.

Hatua ya 4: Andika daftari la dawa zinazodhibitiwa

Kila mstari uwe na tarehe, kilichoingia au kutoka, mgonjwa au msambazaji, na salio. Tuseme salio ni vidonge 40 na umetoa 12: andika 28, kisha hesabu vilivyobaki kwa mkono. Ukikuta 26, usilazimishe daftari lifanane na kabati. Kagua hesabu za nyuma, tafuta cheti ambacho hakikuandikwa, angalia vidonge vilivyovunjika, kisha toa taarifa. Usifute wala kupaka wino mweupe. Marekebisho yaandikwe pembeni kwa tarehe na sahihi. Mkataba wa 1961 unataka kumbukumbu zitunzwe angalau miaka 2. Kanuni za kwenu zinaweza kudai zaidi.

Hatua ya 5: Namba ya toleo

Dawa duni na dawa bandia si kitu kimoja. Duni imetoka kwa mtengenezaji mwenye kibali lakini haikufikia ubora. Bandia imedanganya kwa makusudi kuhusu utambulisho, viambata au chanzo chake. Shirika la Afya Duniani lilipitisha mgawanyo huu 2017. Usiite dawa bandia kwa sababu tu imebadilika rangi: huenda ilihifadhiwa vibaya.

Amri ya kuondoa dawa sokoni kwa kawaida hutaja matoleo (mafungu yaliyotengenezwa pamoja, kila moja na namba yake), si dawa yote. Isome namba herufi kwa herufi, maana O na 0 huchanganywa. Yaliyotajwa yatenge karantini, yafungiwe na kuandikwa "USITOE", mbali na rafu ya kuuzia. Wanaosahaulika ni friji, droo ya mabaki na maboksi yaliyofunguliwa. Kisha jibu kwa maandishi idadi uliyoikuta, hata kama ni sifuri. Asiyejibu anaweza kudhaniwa kuwa bado anaiuza.